Shamba la kuazima

Kijana mmoja wa parokia yetu alinijia jioni, baada ya sala. Kazi yake ni kupiga picha katika harusi na ubatizo, na watu humsifu. Akaniambia: «Mwalimu, nataka kuuza mbuzi sita alioniachia baba, ninunue kamera kubwa. Nitaacha harusi. Nitafanya video, nitaziweka katika intaneti, nami nitalipwa dola.» Nikamwuliza: «Nani atakulipa?» Akajibu: «YouTube.» Nikauliza tena: «YouTube ni nani? Siku asipokulipa, utamwendea wapi?» Akanyamaza. Nami nikanyamaza, kwa maana video hizo nazitazama hata mimi, lakini sikuwa nimejiuliza hata siku moja mwenye kuzitengeneza anakula nini.

Basi nikamwomba anipe muda. Nilitafuta habari za watu waliotangulia katika kazi hiyo, jinsi walivyoanza na yale yaliyowapata. Historia yenyewe ni fupi, ilianza mwaka 2005 tu. Lakini ndani yake kuna watu waliopata mali, na watu waliolala na kazi wakaamka hawana.

Mwezi wa Februari 2005, vijana watatu wa Marekani waliokuwa wamefanya kazi katika kampani ya PayPal walianzisha YouTube. Majina yao ni Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim. Video ya kwanza iliwekwa tarehe 23 Aprili mwaka ule. Karim anaonekana amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, anasema kwamba wana mikonga mirefu sana. Sekunde 19, basi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, kampani ya Google ilikubali kuinunua YouTube kwa dola 1,650,000,000. Je, watu wale walioijaza nyumba hiyo kwa video zao walipata nini? Hawakupata kitu. Wengi hawakudai, kwa sababu walikuwa wakicheza tu, kama watu wanaoimba barazani jioni.

Kazi ilizaliwa mwezi wa Mei 2007. YouTube ilichagua watu wachache waliotazamwa sana, ikawaambia: tutaweka matangazo ya biashara katika video zenu, nanyi mtapata fungu lenu. Mwezi wa Desemba mwaka ule mlango ulifunguliwa kwa wengine walioomba. Fungu hilo baadaye lilijulikana na watu wote: katika kila dola 100 za matangazo, 55 ni za mtengenezaji, 45 ni za kampani.

Tazameni vizuri mapatano haya, maana yote yaliyofuata yanatoka hapa. Mtazamaji halipi kitu. Anayelipa ni mfanyabiashara mwenye sabuni au gari la kuuza. Mfanyabiashara huyo hamjui mtengenezaji, wala mtengenezaji hamjui yeye. Katikati yao amekaa mwenye nyumba, naye ndiye anayejua bei, ndiye anayehesabu watazamaji, ndiye anayeamua video gani iwekwe mbele ya macho ya watu na video gani ibaki gizani. Tena hawafanyi kazi hiyo kwa mikono. Programu ya kompyuta huwachagulia watu video, na namna inavyochagua ni siri ya kampani. Mtengenezaji si mfanyakazi wa YouTube, hana mshahara, wala hana siku ya mapumziko. Ni kama mtu aliyeazimwa shamba: analima kwa jembe lake na jasho lake, mavuno wanagawana, lakini mpaka wa shamba hausogezi yeye.

Wazee wetu watasema jambo hili si geni. Kweli. Mwaka 1948, huko Léopoldville, Mgiriki mmoja aliyeitwa Nicolas Jeronimidis alianzisha nyumba ya santuri iitwayo Ngoma, na mwaka ule ule Wendo akaimba kwake ule wimbo wa Marie-Louise. Halafu zikaja Opika na Loningisa, nazo pia ni nyumba za wafanyabiashara. Mwanamuziki alikuwa na sauti na gitaa. Mashine na duka vilikuwa vya tajiri. Mwaka 1960 Joseph Kabasele alianzisha nyumba yake mwenyewe, Surboum African Jazz. Yeye aliweza. Lakini mtu wa video ataanzisha YouTube yake wapi? Anaweza kujenga mahali pake pa kuonyesha video, ndiyo, lakini watazamaji wako kule kwa mwenye nyumba, na watu hawahami kwa sababu ya mtu mmoja.

Badiliko kubwa la kwanza lilikuja mwezi wa Oktoba 2012. Mpaka wakati ule programu ilihesabu zaidi video imefunguliwa mara ngapi. Sasa ikaanza kuhesabu watu wamekaa muda gani wakitazama. Kampani ilikuwa na sababu nzuri: watu wengine walikuwa wakidanganya kwa picha ya mlangoni, mtu anafungua na kukuta ndani hamna kitu. Lakini fikirini mchoraji anayetengeneza katuni. Dakika mbili za katuni zinaweza kumla wiki nyingi. Jirani yake anakaa mbele ya kompyuta, anacheza mchezo na kuzungumza saa nzima, na kesho anafanya vile vile. Badiliko lile lilimwinua mwenye saa nzima, likamwangusha mwenye dakika mbili. Wachoraji hawakufanya kosa lo lote, na katuni zao zilikuwa nzuri kama jana.

Sasa niwape habari ya Vine, ambayo mimi naiona ni ya kushangaza kuliko zote. Ilibuniwa mwaka 2012 na Dom Hofmann, Rus Yusupov na Colin Kroll, na kampani ya Twitter ikainunua kabla haijafunguliwa. Ilifunguliwa tarehe 24 Januari 2013. Sheria yake moja: video isipite sekunde sita. Mtasema, katika sekunde sita mtu ataweza kusema nini? Kumbe vijana walipata ufundi wake! Waliigiza, walichekesha, waliimba. Shawn Mendes, mwimbaji wa Kanada anayejulikana leo dunia nzima, alianza pale akiwa kijana mdogo. Andrew Bachelor, aliyejiita King Bach, alipata wafuasi mamilioni.

Lakini Vine haikuwalipa hata senti. Haikuwa hata na fungu kama lile la YouTube. Waliokuwa na wafuasi wengi waliishi kwa fedha za wafanyabiashara waliowaendea wao wenyewe: shika chupa hii ya kinywaji katika sekunde zako sita, tutakulipa. Wengi wa vijana hao walikaa Los Angeles, na baadhi yao, kwa mzaha wa mambo, walipanga katika jengo moja lililoko barabara iitwayo Vine.

Mwaka 2015, kama watu 18 kati ya wale wakubwa walikutana na wakuu wa Vine. Walikuwa wamehesabu wakaona kwamba sehemu kubwa ya watazamaji inakuja kwa ajili yao. Wakaweka madai yao: kila mmoja alipwe dola 1,200,000, naye atatoa video 12 kila mwezi, tena kampani itengeneze chombo kile vizuri, na kuwazuia watu wanaotukana. La sivyo, wataondoka. Kampani ilifikiri, ikakataa. Wakaondoka kweli, wakaenda YouTube na Instagram na mahali pengine, kila mtu akiwaita wafuasi wake wamfuate.

Tarehe 27 Oktoba 2016 Twitter ilitangaza kwamba Vine itafungwa, na mwezi wa Januari 2017 ikafungwa. Ugomvi ule haukuwa sababu pekee. Instagram ilikuwa imeruhusu video tangu 2013, zenye sekunde 15, na Twitter yenyewe ilikuwa na shida za fedha. Ila mimi nimewaza sana juu ya wale wengine, wasioingia katika chumba kile cha mkutano. Wale 18 walikuwa na jina, wakapata pa kwenda. Mwenye wafuasi elfu tano, aliyejifunza miaka mitatu ufundi wa sekunde sita, alibaki na ufundi usio na soko.

Mwaka huo huo wa 2017 ulikuwa mbaya hata kwa watu wa YouTube. Mwezi wa Februari, gazeti la The Times la London liliandika kwamba matangazo ya kampani zenye heshima yanaonekana katika video za watu wanaohubiri chuki na vita. Wafanyabiashara wakaogopa. Mwezi wa Machi serikali ya Uingereza yenyewe iliondoa matangazo yake; huko Marekani zikafuata kampani kubwa kama AT&T, Verizon na Johnson & Johnson. Wafanyabiashara walikuwa na haki, nani anataka jina lake liandikwe karibu na maneno ya wauaji? Lakini YouTube, kwa kutaka kuwarudisha haraka, iliamuru programu zake zichague video zinazofaa kwa matangazo na zisizofaa. Mashine haielewi maana, huona maneno na picha. Mtu aliyesimulia habari za vita kwa ajili ya kufundisha historia alipimwa kwa kipimo kile kile cha mtu anayesifu vita. Mtengenezaji aliamka asubuhi akakuta karibu na video yake alama ndogo ya dola yenye rangi ya manjano. Maana yake: hii italeta fedha kidogo, au haitaleta kitu. Kwa nini? Hakuandikiwa neno la kueleweka. Aliweza kuomba ipimwe tena na mtu. Lakini video hupata watazamaji wake wengi katika siku za kwanza. Jibu likija baada ya siku kadhaa, ni mvua iliyonyesha baada ya mahindi kukauka.

Tarehe 16 Januari 2018 likaja tangazo jingine. Tangu tarehe 20 Februari, asiye na watu 1,000 waliojiandikisha kwake, na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, hatapata fungu la matangazo. Kampani ilieleza kwamba asilimia 99 ya watakaotolewa walikuwa wakipata chini ya dola 100 kwa mwaka. Niliposoma hesabu hiyo nilimfikiria yule kijana na mbuzi zake sita. Wengi wa watu waliokuwa ndani ya kazi hiyo, ndani kabisa, wakihesabiwa kuwa washirika wa kampani, walikuwa wakipata kwa mwaka mzima chini ya dola mia.

Hasira zikapanda. Siku ya 3 Aprili 2018, mwanamke mmoja aliyekuwa akitengeneza video, na aliyelalamika kwamba YouTube imemnyima fedha zake, aliingia katika ofisi za kampani huko San Bruno, California, akiwa na bastola. Alijeruhi watu watatu, akajiua. Waliojeruhiwa siku hiyo hawakuwa wenye kuamua alama za manjano. Hakuna sababu inayoweza kuhalalisha tendo lile. Natamani angalau angalikuwa na mtu wa kumsikiliza kabla ya siku ile, mtu mwenye jina na uso, mezani.

Na ndiyo haja waliyokuwa nayo wengine waliotumia njia ya amani. Ujerumani alikuwako mtu anayeitwa Jörg Sprave, anayejulikana kwa kazi isiyo ya kawaida kwa mtu mzima: hutengeneza manati, tena manati makubwa ya ajabu, na kuyajaribu mbele ya kamera. Mapato yake yalishuka baada ya mambo ya 2017. Mwezi wa Machi 2018 alianzisha umoja wa watengenezaji wa video. Mwezi wa Julai 2019 umoja huo ulishikana mkono na IG Metall, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma cha Ujerumani, chenye wanachama zaidi ya milioni mbili, wakaita jambo lao FairTube. Watu wengi walicheka: mafundi wa chuma na watu wa manati? Mimi sicheki. Chama kile kilijua jambo moja tangu zamani, kwamba mfanyakazi mmoja hasikiki mlangoni.

Madai yao, nayasifu kwa unyofu wake, hayakuanza na fedha. Walitaka waambiwe wazi sheria ambazo video zinapimwa kwazo. Walitaka kila anayepunguziwa apewe sababu. Walitaka mtu wa kuzungumza naye, si mashine, na baraza la watu wasio wa upande wo wote la kuamua ugomvi. Kampani ilijibu kwamba hawa si wafanyakazi wake, kwa hiyo haina wajibu wa kufanya mapatano nao. Hivyo umoja ule haukupata baraza ulilotaka.

Marekani nako mambo hayakuwa mepesi. Hank Green, ambaye pamoja na ndugu yake John alikuwa katika kazi hii tangu mwaka 2007, alianzisha chama cha watengenezaji mwaka 2016. Kikafungwa mwezi ule ule wa Julai 2019, kwa kukosa wanachama na fedha za kutosha. Wakubwa waliona hawakihitaji, wadogo hawakuweza kukibeba. Ni shida tunayoijua hata katika vyama vya akiba vya vijiji vyetu.

Wengine walitafuta njia nyingine: kwa nini mtazamaji mwenyewe asitoe kidogo? Jack Conte, mwanamuziki wa California, aliona video zake zinatazamwa sana na kumletea fedha kidogo mno kuliko gharama ya kuzitengeneza. Mwaka 2013, pamoja na Sam Yam, alianzisha Patreon, ambamo mtu humwahidi msanii anayempenda dola moja, mbili au tano kila mwezi. Watu elfu moja wakitoa dola mbili, mtu analipa nyumba na kula. Wengi walipata pumzi. Ila hata Patreon ni shamba la mtu. Mwezi wa Desemba 2017 ilitangaza kwamba kila mtoaji ataongezewa senti 35 na asilimia 2.9 juu ya kila ahadi yake. Aliyekuwa akiwapa wasanii kumi dola moja kila mmoja alijiona anatozwa karibu dola nne zaidi. Watoaji wakaanza kujiondoa, wasanii wakaona wanapungukiwa siku hata siku. Makelele yalikuwa makubwa, na baada ya siku chache tu Patreon ikaomba radhi na kuacha mpango ule. Nadhani hapa kuna tofauti ya kutazamwa. Kule YouTube aliyelalamika alikuwa mtengenezaji peke yake. Hapa aliyelalamika alikuwa pia mwenye kutoa fedha.

Mpaka hapa nimesema juu ya kampani. Lakini shamba linaweza kuchukuliwa hata na serikali. Mwezi wa Juni 2020, askari wa India na wa China walipigana mpakani, katika bonde la Galwan, na Wahindi 20 wakafa. Tarehe 29 ya mwezi ule serikali ya India ikapiga marufuku programu 59 za China. Mojawapo ni TikTok, iliyokuwa na watu kama milioni 200 katika nchi ile. Wengi waliojulikana kwayo hawakuwa watu wa miji mikubwa. Walikuwa wakulima, vibarua, wanawake wa vijijini wanaocheza ngoma mbele ya nyumba zao, watu wasiojua Kiingereza wala desturi za Instagram. Kwa siku moja wafuasi wao wote walitoweka, pamoja na video zao. Instagram na YouTube zikafanya haraka kufungua mahali pa video fupi huko India mwaka ule ule, na wengine walihamia. Wengine walirudi kwenye jembe.

Huko nchi nyingine TikTok iliendelea. Mwaka 2020 iliweka mfuko wa dola milioni 200 kwa watengenezaji wa Marekani, ikaahidi kuuongeza. Mwaka 2022 yule Hank Green alieleza ubaya wake. Mfuko ni chungu kimoja. Watu wakiongezeka mezani, chungu hakikui, kijiko cha kila mmoja kinapungua, hata kama kampani yenyewe inatajirika. Tarehe 16 Desemba 2023 mfuko huo ulifungwa katika Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Mpango uliokuja mahali pake ulitaka video ipite dakika moja. Waliojifunza kusimulia kwa sekunde 15 wakaanza tena kujifunza.

Waliodumu katika kazi hii wanafanyaje? Nimeona desturi zao zinafanana. Hawaweki video mahali pamoja tu. Wanauza kitu chao wenyewe, nguo au kitabu au masomo. Wanaandika anwani za watu wanaowapenda, ili nyumba ikifungwa waweze kuwaita kwa barua. Tena wengi, hata wenye sifa, walikaa muda mrefu na kazi nyingine ya kuwalisha.

Habari hizi nilimsimulia kijana wetu kwa jioni mbili, yeye akiandika tarehe katika daftari. Alipofika kwa wale wachoraji wa katuni alisimamisha kalamu, akauliza: «Mwalimu, hao hawakuambiwa kabla?» Nikamwambia: «Walisoma tangazo kama watu wengine, mdogo wangu.» Juma lililopita aliuza mbuzi wawili, akanunua kipaza sauti kizuri. Jumamosi ana harusi ya kupiga picha, na bibi harusi amemruhusu kuweka video ya ngoma yao katika intaneti. Mbuzi wanne wangali zizini.